Rufiji na mito yake: maswali yanayoulizwa sana kuhusu boti, wanyama na kutembea porini kusini mwa Tanzania

Kiangazi kikikaribia maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Mimi nimekulia Ifakara, pembeni ya mto Kilombero, na kitu kinachoniuma ni kuona watu wetu wanajua Serengeti kwa jina na kwa picha lakini mto mkubwa kuliko yote nchini wanaupita darajani tu wakienda Lindi na Mtwara. Soma unachokihitaji, ruka mengine.

Hapa tunaongelea sehemu gani hasa?

Bonde la Rufiji. Usiwaze mbuga moja, waza maji. Kuna mito mitatu mikubwa inayokutana. Kilombero unatoka upande wa nyanda za juu za Njombe na milima ya Udzungwa, Luwegu unakuja kutoka kusini, na hiyo miwili ikikutana pale maporomoko ya Shuguli ndo jina Rufiji linaanza. Halafu Ruaha Mkuu unaozunguka kote kule Usangu, Ruaha, Mtera na Kidatu unakuja kuingia mbele kidogo. Baada ya hapo maji yanapita Hifadhi ya Nyerere, yanapita Utete, yanapita chini ya Daraja la Mkapa, yanafika delta na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo Hifadhi ya Ruaha, Udzungwa, Nyerere na hata Mafia ukiziangalia kwa macho ya maji ni familia moja, na ndo maana nakushauri upange safari yako kwa kufuata mto, usihesabu tu majina ya hifadhi ulizokanyaga.

Selous na Nyerere ni kitu kimoja au viwili?

Zamani kimoja, sasa viwili. Pori la Akiba la Selous liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ikamegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, ina zaidi ya kilometa za mraba 30,000, ndo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote hapa nchini. Upande uliobaki bado ni pori la akiba na uwindaji wa kitalii unaendelea huko. Wewe mtalii wa kawaida wa kuangalia na kupiga picha unaenda Nyerere. Jina la Selous ni la Mwingereza mmoja mwindaji, Frederick Selous, aliyeuawa Januari 1917 akipigana na Wajerumani pale Beho Beho, kaburi lake bado lipo na magari ya wageni huwa yanasimama hapo.

Niende mwezi gani?

Juni mpaka Oktoba. Majani yamelala, maji yamepungua, wanyama wanakuja mtoni na kwenye maziwa, unawaona bila kuhangaika. Septemba na Oktoba joto ni kali kweli upande wa Nyerere maana kuko chini na karibu na pwani, lakini ndo wakati viboko wamejazana na mamba wametapakaa kwenye fungu za mchanga. Masika, yaani Machi mpaka Mei, sikushauri, barabara zinakatika, kambi nyingi zinafunga, na gari ikizama kwenye udongo mweusi wa kule unaweza ukalala hapo hapo. Ila kama wewe ni mtu wa ndege, Novemba mpaka Februari kuna ndege wahamiaji na kila kitu kimekuwa kijani, wageni wachache, mimi naupenda sana ule wakati japo mvua inaweza kukukuta.

Sina gari. Nafikaje?

Nyerere kwa lango la Mtemere unakwenda Mloka. Basi zinatoka Dar es Salaam upande wa Mbagala, lami mpaka Kibiti halafu unakata kulia barabara ya vumbi mpaka Mloka, ni safari ya kutwa ukihesabu na kusimama simama. Mloka kuna gesti za kawaida na kambi za nje ya hifadhi zenye boti na gari za kukodi, na hapo unaweza kuungana na wenzako mkagawana gharama.

Mikumi ni rahisi kuliko zote, basi lolote la Iringa au Mbeya linapita katikati ya hifadhi, yaani umekaa kwenye siti yako unaona pundamilia na twiga dirishani. Au panda treni ya SGR mpaka Morogoro halafu endelea kwa basi. Kwa wanaoendesha wenyewe: kwenye kile kipande cha hifadhi punguza mwendo kama vibao vinavyosema, ukigonga mnyama unalipa faini, na ukigonga usiku nyati au tembo suala la faini litakuwa dogo kuliko mengine.

Udzungwa unashuka Mikumi mjini, unapanda gari za Ifakara, unaambia konda akushushe Mang'ula. Lango halipo mbali na barabara.

Halafu kuna TAZARA. Reli hii ilijengwa miaka ya 1970 mpaka 1975 na inakatiza ndani kabisa ya eneo la Nyerere, inapita Fuga, Matambwe, Kisaki, inaendelea mpaka Mang'ula na Ifakara. Ukiipata ikipita mchana ni safari ya wanyama kwa bei ya tiketi ya treni. Ratiba ya abiria hubadilika, ulizia stesheni kabla hujapanga kitu chochote.

Safari ya boti ikoje? Mimi naogopa viboko.

Hili ndo swali namba moja na ninafurahi linaulizwa maana mtu asiyeogopa viboko ndo mtu wa hatari kwenye boti.

Boti nyingi ni za bati au faiba, zina kivuli juu na injini nyuma, zinabeba watu wachache. Unavaa koti la kuokolea, bila koti usikubali kuondoka hata nahodha akikwambia maji ni mafupi. Muda mzuri ni asubuhi mapema au kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa limelegea. Mto Rufiji ni mpana lakini una mafungu ya mchanga yanayohama kila mwaka, njia ya mwaka jana siyo ya mwaka huu, ndo maana nahodha mzoefu wa Mloka ana thamani kuliko boti nzuri.

Sasa kuhusu kiboko. Mchana anakaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, usiku anatoka kula majani, anaweza kumaliza kama kilo 40 kwa usiku mmoja. Akishtuka akiwa karibu na ukingo anakimbilia maji marefu, na kama boti imekaa katikati yake na hayo maji marefu hapo ndo shida inapoanzia. Nahodha anayejua kazi haikati njia hiyo. Anapunguza mwendo, anasubiri vichwa vyote vitoke juu, anawahesabu, maana yule usiyemwona ndo wa kuogopa, kiboko anaweza kukaa chini dakika tano hivi. Ukiona nahodha wako anawaendea viboko ili nyie mpate picha nzuri mwambie kwa heshima, mzee tafadhali turudi nyuma kidogo. Usimwongezee hela kwa kusogea karibu, wateja ndo tunaowaharibu manahodha.

Mbali na viboko utaona mamba wakubwa wamelala midomo wazi wakipunguza joto, furukombe juu ya miti iliyokauka, mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini, keremkerem wanaochimba mashimo kwenye kingo za udongo ili watage humo. Na mivumo, ile mitende mirefu yenye tumbo katikati ya shina, imesimama mpaka kwenye ziwa Nzerakera na ziwa Manze. Injini ikizimwa pale unasikia kila kitu.

Naweza kuogelea mtoni?

Hapana. Rufiji, Kilombero, Ruaha Mkuu, hapana kabisa, hata kunawa miguu ukingoni hapana, hata kama umeona wenyeji wanachota maji pale pale. Wenyeji wanajua sehemu gani na saa ngapi, na hata hivyo mamba anachukua watu kila mwaka, wengi wao akina mama na watoto waliofuata maji. Kwenye maji yaliyotulia kuna kichocho pia. Ukitaka kuogelea porini nenda Udzungwa, soma hapo chini.

Tembo bado wapo? Tulisikia wamekwisha.

Wapo, lakini ulichosikia hakikuwa uongo. Miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja. Ujangili wa meno ukawafagia, na sensa ya mwaka 2013 ikakuta kama 13,000 tu, mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Baada ya hapo doria zilikazwa na wale waliobaki wakaanza kutulia. Utaona familia zikivuka mto na watoto wamewekwa katikati. Ila utagundua tembo wa Nyerere wana wasiwasi kuliko wa Hifadhi ya Tarangire kule kaskazini, wengine wakisikia gari wanageuka haraka na kupanua masikio, tembo anaishi miaka mingi na waliokuwa watoto kipindi kile ndo mama wa familia sasa. Wape nafasi. Mwambie dereva azime injini na asubiri, asisogee.

Na mbwa mwitu?

Nyerere ni moja ya sehemu chache Afrika zilizobaki na mbwa mwitu wengi, kwa hiyo kama ndo mnyama wako, hapa ndo mahali pake. Wanatembea sana, leo wako hapa kesho kilometa nyingi mbele, isipokuwa kipindi wana watoto wadogo, kati ya Juni na Agosti hivi, ambapo kundi linakaa karibu na shimo. Usiombe gari liende shimoni kwenyewe, wakisumbuliwa wanahamisha watoto na wengine wanakufa njiani.

Udzungwa kuna nini kama hamna simba wa kuona?

Kuna kutembea, na kwangu mimi ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye ukurasa huu. Hifadhi ilianzishwa 1992, ina kilometa za mraba 1,990 na ndani yake hakuna barabara ya gari ya watalii, ni miguu yako. Msitu unaanzia bondeni karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero na kupanda moja kwa moja bila kukatika mpaka milimani, kitu ambacho ni nadra sana Afrika Mashariki.

Njia inayopendwa ni ya maporomoko ya Sanje. Maji yanaanguka mita 170 kwa ngazi tatu. Panga nusu siku kwenda na kurudi, panda taratibu, kuna mahali kumesimama wima na mvua ikinyesha udongo unateleza vibaya sana kwa hiyo viatu vyenye meno ni lazima, raba za mjini zitakuangusha. Juu kuna mabwawa ya kuogelea, maji ya baridi ya kukata pumzi, hamna mamba wala kiboko. Kutoka pale juu unaliona bonde zima la Kilombero, miwa, mpunga, na mbali kule mto.

Njiani utakutana na mbega mwekundu wa Iringa, na ukibahatika mangabi wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu na hayupo sehemu nyingine yoyote duniani. Watoto kuanzia miaka saba nane wanaoweza kutembea wanafika njia fupi bila shida, Sanje yote mpaka juu inategemea mtoto. Lazima uwe na mwongozaji, na tembo na nyati wapo ndani ya msitu huo japo huwaoni mara kwa mara, ndo maana kwenye njia ndefu unapewa askari mwenye bunduki.

Chura wa Kihansi naweza kwenda kumwona?

Kwa mtalii wa kawaida, hapana. Yule chura mdogo wa njano, mkubwa wake hafiki hata sentimita tatu, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye ukungu wa maporomoko ya Kihansi. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ukungu ukapungua, baadaye akapata na ugonjwa wa fangasi, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani wakazalishwa, kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa na sasa pale juu kuna mabomba yanayotengeneza ukungu kwa ajili yao. Watu wengi walicheka kuhusu chura kupandishwa ndege. Mimi sikuona cha kucheka, ni chetu, hayupo kwingine, na tulikaribia kabisa kumpoteza.

Lile bwawa la umeme limeua mto?

Halijaua, limebadilisha. Bwawa la Julius Nyerere lipo pale lilipokuwa korongo la Stiegler, kujaza maji kulianza Desemba 2022, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Korongo lenyewe ambalo watu walikuwa wakienda kuangalia sasa liko chini ya maji. Safari za boti za Mtemere ziko chini ya bwawa na zinaendelea.

Ninachokiangalia mimi ni mafuriko. Yale maziwa ya pembeni, wanyama wake na samaki wake, yalijazwa na mto ulipofurika, na wakulima wa Rufiji kwa miaka mingi wamelima mlau, yaani unapanda kwenye unyevu na tope jipya baada ya maji kushuka. Mafuriko yakizidi kama ya 2024 yanabeba nyumba na mashamba, yasipokuja kabisa ardhi inachoka na maziwa yanakauka. Umeme tunauhitaji, sibishani. Lakini namna maji yanavyoachiwa pale juu ndo itaamua mwanao atakuta nini Mloka.

Ni kweli Ruaha unakauka?

Ndiyo. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukisimama kabisa kila mwaka ndani ya hifadhi, mwishoni mwa kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu ziko juu kule Usangu, maji mengi yanachepushwa kwenda kwenye mpunga na bonde oevu la Ihefu lilichoka kwa mifugo mingi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaongezwa kwenye hifadhi ikawa na kilometa za mraba kama 20,000.

Kwa mgeni, ajabu ni kwamba huu ndo wakati unaona wanyama wengi zaidi, wamebanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Nenda mto Mwagusi, ni mchanga mtupu, ukae kimya uangalie tembo wakichimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, halafu wakiondoka swala pala na nyani wanakuja kunywa kwenye mashimo hayo. Ruaha pia ndo mahali pa tandala wakubwa na wadogo na palahala, na miti ya mibuyu isiyo na idadi. Iringa mjini mpaka Msembe, makao ya hifadhi, ni kama kilometa 130.

Bonde la Kilombero lenyewe linatembelewa?

Kidogo sana, na kwa utaratibu. Ni ardhioevu ya kimataifa chini ya Ramsar, mkataba wa kulinda ardhioevu, tangu 2002, na ni nyumbani kwa sheshe, swala wa rangi ya dhahabu ambaye zamani bonde hili lilikuwa na wengi kuliko mahali popote duniani. Wamepungua mno, mashamba na ng'ombe vimeingia mpaka mtoni. Sehemu za hifadhi unahitaji kibali, usiingie na mtumbwi wa mtu kwa kupatana bei ukingoni. Bila kibali simama kwenye daraja la Magufuli, ambalo kabla halijajengwa tulivuka kwa pantoni, uangalie mto, halafu rudi Ifakara ule wali wa mpunga wa huku na kambale.

Naruhusiwa kuvua samaki?

Ndani ya hifadhi ya taifa usivue mpaka uwe na kibali mkononi, na uulize getini kabla hujabeba fimbo zako. Nje, vijijini, kuna leseni za halmashauri, anzia ofisi ya kijiji.

Gharama zikoje?

Mtanzania na raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo, siyo kile cha mgeni anayelipa kwa dola. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, bila hicho hawakuamini kwa uso. Geti hawapokei noti mkononi, ni kadi au namba ya malipo, fanya ukiwa sehemu yenye mtandao. Kinachokula hela ni gari na boti, kwa hiyo jazeni gari, watu sita wakichanga inakuwa kitu kingine kabisa. Udzungwa ni nafuu kuliko zote kwa sababu hukodi gari. Bei hubadilika kila mwaka wa fedha, angalia za TANAPA za wakati huo, usiamini za mtu aliyekwenda zamani.

Nivae nini, nibebe nini?

Rangi za kahawia au kijani kilichofifia. Bluu iliyoiva na nyeusi zinawaita mbung'o, na mbung'o wa Nyerere wanauma mpaka juu ya jinzi. Nguo za madoa ya jeshi ni marufuku kwa raia, usijaribu. Mikono mirefu jioni, dawa ya mbu, na ongea na daktari kuhusu kinga ya malaria kama unatoka sehemu isiyo na malaria. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019. Darubini, hata ya bei ndogo, itakupa zaidi kuliko kamera ya simu. Droni bila kibali inachukuliwa.

Nikimaliza Nyerere niende wapi?

Fuata maji mpaka mwisho. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na humo ndo manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mpaka ikamalizwa na Waingereza Julai 1915. Kutoka Nyamisati kuna usafiri wa maji kwenda Kilindoni, Mafia. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe wanakuja karibu kabisa na Kilindoni kula vijidudu vya baharini vinavyonawiri kwa rutuba ya maji ya Rufiji. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na wewe, unaogelea pembeni yake, humgusi, humkatizi mbele, na boti inakaa mbali. Jua kuogelea kabla ya kwenda. Na weka akiba ya siku moja kwenye ratiba, bahari ya Mafia ikichafuka boti haziondoki.